Shofere Mbaya Ni Nani?



Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza mara nyingi juu ya vumbi la mawe, maji ya kunywa, malaria na kaske. Leo tutoke nje ya lango la kazi. Tuzungumze juu ya njia tunayopita kila siku kwenda kazini na kurudi nyumbani, na juu ya adui mmoja asiye na meno wala sumu. Adui huyo ni macho na mawazo yasiyokuwa njiani.

Kazini tunazijua sheria. Hakuna mtu anayeshika mashine ya kutoboa mwamba huku anasoma barua. Hakuna anayepita chini ya mzigo unaoning'inia huku anacheka na mwenzake. Kapita akimwona atamtoa hapo mara moja, na sisi wote tutasema kapita amefanya vizuri. Lakini saa ya kutoka ikifika, mtu yule yule anavua kaske na kupanda nyuma ya moto kichwa wazi, na anayemchukua anaendesha kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika telefone. Je, akili tumeiacha langoni pamoja na taa?

KILA MTU ANAMSHITAKI MWENZAKE

Kazi yangu ni kusafisha vidonda, kufunga mifupa iliyovunjika na kuwapeleka wagonjwa wakubwa kwa daktari. Kila ninapompokea mtu aliyeumia njiani, namwuliza: «Ilikuwaje?» Majibu nayajua sasa kwa moyo.

Motari anasema: «Ni kamioni. Hawa wanafikiri barabara ni ya baba yao.» Shofere wa kamioni anasema: «Ni wamotari. Wanaingia kila mahali kama nzi.» Kijana wa chukudu anasema: «Ni watu wa magari, hawatuhesabu kuwa watu.» Mwenda kwa miguu anasema: «Ni wote hao watatu.» Katika majibu hayo yote kuna neno moja ambalo silisikii. Neno hilo ni «mimi».

Miaka michache iliyopita nilimpokea mfanya kazi mwenzetu, mtu aliyetoboa miamba miaka kumi na moja bila kuumia hata kidole. Mfupa wake wa paja ulivunjika jioni moja kwenye barabara ya Goma na Sake, akirudi kwake juu ya moto. Moto ile iligonga nyuma ya gari lililosimama. Siku nzima alikuwa akimtukana yule motari: hana macho, hana akili, leseni aliinunua sokoni. Bibi yake naye alimtukana, na mimi, nikiwa nafunga bandeji, niliitika: «Kweli, wamotari wa leo!»

Baada ya miezi miwili, siku moja tulipokuwa wawili tu, aliniambia kwa sauti ya chini: «Mganga, nilikuwa nimemwonyesha picha ya mtoto wangu katika telefone. Nilinyoosha mkono mbele ya uso wake. Nilimwambia: tazama.»

Motari alitazama. Ndiyo habari yote ya ajali ile.

Mwenzetu huyo hatoboi miamba tena. Anatembea na fimbo, na kazi yake sasa ni kulinda ghala la vyombo. Mshahara wa fundi umekwenda, na watoto wake ni sita. Amenipa ruhusa niandike habari yake bila kutaja jina, kwa sababu, alisema, neno lile lilimlemea kifuani kuliko maumivu ya mguu.

SI SISI PEKE YETU

Tusifikiri kwamba tabia hii ni ya watu wa Goma tu. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Preston na Harris, walitangaza uchunguzi walioufanya katika mji wa Seattle huko Marekani. Waliwauliza mashofere 50 waliolazwa hospitalini kwa sababu ya ajali, na mashofere wengine 50 ambao hawakupata ajali, kila mmoja ajipime mwenyewe: yeye ni shofere wa namna gani? Makundi yote mawili yalijibu karibu sawasawa. Wote walijiona kuwa mashofere hodari. Na katika wale waliolala kitandani na majeraha yao, zaidi ya nusu polisi walikuwa wamekwisha kuandika kwamba kosa lilikuwa lao.

Mwaka 1981 mtaalamu wa Sweden, Ola Svenson, aliwauliza wanafunzi wa Sweden na wa Marekani swali kama hilo. Kwa Wamarekani, watu 93 kwa kila 100 walijiweka katika nusu ya wale wanaojua sana kuendesha. Kwa Waswedeni walikuwa 69 kwa kila 100. Hesabu hii haiwezekani. Tukipanga watu 100 kwa ustadi wao, 50 tu ndio watakaokuwa katika nusu ya juu. Basi wengine wale wote walijidanganya, na hawakujua kwamba wanajidanganya.

Wazee walilisema jambo hili kwa maneno machache: nyani haoni kundule. Ndiyo maana kumtukana shofere mbaya hakupunguzi ajali. Kila anayesikia tusi hilo anafikiri kwamba anayetukanwa ni jirani yake.

NA MIMI MWENYEWE?

Itakuwa aibu kuwahubiri ninyi na kujificha nyuma ya koti jeupe. Asubuhi moja niliendesha gari la kazi kwenda mjini kuchukua dawa. Karibu na soko la Virunga, shofere mmoja wa taksi alinikata mbele bila kuonyesha taa, telefone imebanwa kati ya sikio na bega. Nilikasirika sana. Nilipiga klaksoni, nikatoa kichwa dirishani, nikamgeukia ili nimwambie yote niliyomfikiria. Nilipourudisha uso mbele, mtoto wa shule alikuwa mbele ya gari langu, hatua tatu tu. Nilikanyaga freni, gari likazima. Mtoto alinitazama, akapita, akaenda zake.

Yule mtu wa taksi alikuwa na kosa, sikatai. Lakini kama mtoto yule angekufa, aliyemwua ni mimi, si mtu wa taksi. Siku ile nilielewa kwamba hasira juu ya kosa la mwingine nayo inaondoa macho njiani, sawa kabisa na telefone.

MACHO, MIKONO, NA MAWAZO

Kuna namna tatu za kupotewa na njia.

Ya kwanza ni macho: unatazama telefone, unatazama bei ya nyanya kando ya barabara, unatazama watu wanaogombana.

Ya pili ni mikono: unakula muhindi wa kuchoma, unatafuta franga mfukoni, unashika mtoto au mzigo.

Ya tatu ni mawazo, nayo ndiyo inayotudanganya sana, kwa sababu macho yako wazi na mikono iko mahali pake. Unafikiria deni. Unafikiria maneno uliyoyasikia kwa bibi asubuhi. Unasikiliza mtu katika telefone. Macho yanatazama lakini hayaoni.

Mwaka 2001 wataalamu Strayer na Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwapa watu kazi inayofanana na kuendesha gari, pamoja na taa ya kuwaonya wasimame. Waliozungumza katika telefone walikosa kuiona taa ile zaidi ya mara mbili kuliko walipokuwa kimya. Na ikawa sawa kwa aliyeishika telefone mkononi na kwa aliyezungumza bila kuishika. Kusikiliza redio hakukuleta hasara hiyo. Basi anayesema «mimi ninaweka telefone ndani ya kaske, mikono yangu ni huru» ajue kwamba mikono ndiyo huru, kichwa kimefungwa. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba shofere anayetumia telefone anakaribia ajali karibu mara nne kuliko asiyeitumia, na kuandika ujumbe ni hatari zaidi.

Tupige hesabu kidogo pamoja na watoto wa shule. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linapita karibu mita 17 kila sekunde. Kusoma ujumbe mfupi kunachukua sekunde tatu. Sekunde tatu ni mita 50, yaani nusu ya kiwanja cha mpira. Je, nani kati yenu atakubali kuvuka nusu ya kiwanja cha mpira, kimejaa watoto na akina mama na mizigo yao, akiendesha gari huku amefunga macho kwa kitambaa? Lakini ndivyo tunavyofanya.

NJIA ZA KWETU HAZISAMEHI

Huenda katika nchi nyingine shofere aliyesahau sekunde mbili ataokolewa na njia pana. Hapa Goma hapana. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, ambayo yalishuka mwaka 1977, tena 2002, tena 2021. Mahali pengi jiwe jeusi linatoka katikati ya njia, linakata mpira wa gurudumu na kuitupa moto upande. Wakati wa jua kuna vumbi, wakati wa mvua mashimo yanajificha chini ya maji. Usiku mahali pengi hakuna taa.

Halafu tazameni ni nani tunaogawana njia hiyo. Kuna chukudu, ambayo mji umeijengea sanamu, inashuka kutoka Kibumba na mifuko ya makaa au ya mboga. Freni yake ni kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Chukudu iliyojaa haiwezi kusimama ghafula kwa ajili yako. Ni wewe unayepaswa kuiona mapema. Kuna magari mengi ambayo usukani wake uko kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa njia, hata shofere haoni vizuri anapotaka kupita gari la mbele. Kuna mashofere wa kamioni waliozoea njia za Kenya na Uganda, ambako watu wanaendesha upande wa kushoto. Wakivuka mpaka wa Bunagana wanabadili upande. Shofere aliyechoka anaweza kusahau. Na kuna watoto, kila mahali watoto.

Sheria yetu ya barabara, namba 78/022, ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Wakati huo hakuna aliyetembea na telefone mfukoni. Lakini mtu asijitetee kwa hilo. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya barabara yalikwisha kusema kwamba shofere lazima aweze wakati wote kulitawala gari lake. Neno «wakati wote» halina mlango wa telefone.

TUFANYEJE NA MAKOSA YA WENGINE?

Wengine mtaniuliza: «Mganga, mimi nikijilinda, yule mwingine atanigonga vilevile. Faida gani?» Swali hili ni la haki, na jibu lake liko katika kazi yetu wenyewe. Ndani ya mgodi hatungoji mwamba uwe na tabia nzuri. Tunajua kwamba mwamba unaweza kuanguka, kwa hiyo tunaugonga na kuusikiliza, tunaweka miti, tunasimama mbali. Hatuutukani. Basi na tumhesabu shofere mwingine kama mwamba uliolegea:

1. Umwone motari anayekuja mbio kuwa ni mtu atakayekata mbele yako. Punguza mwendo kabla hajafanya hivyo. Akikata, hukushtuka, asipokata, hukupoteza kitu.

2. Acha nafasi kati yako na gari la mbele. Mwingine akiingia katika nafasi hiyo, usimfukuze. Acha nafasi nyingine.

3. Aliyekutukana, usimjibu. Utamkosa sekunde kumi baadaye, lakini njia utakuwa nayo bado.

4. Kosa la mwingine si ruhusa yako. Maneno «hapa kila mtu anafanya hivi» nimeyasikia mara nyingi kwa watu waliolala juu ya machela.

5. Telefone ikilia, ngoja mpaka mahali pazuri pa kusimama, simama kando, kisha ujibu. Kama ni habari ya kifo, marehemu atakungoja. Kama ni habari ya franga, zitakuwapo pia.

6. Juu ya moto, watu wawili tu, na kila mmoja kaske yake imefungwa chini ya kidevu. Kaske iliyotundikwa kwenye usukani inalinda usukani. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kwamba kaske inapunguza vifo vya watu wa moto waliopata ajali kwa karibu 42 kwa kila 100, na majeraha ya kichwa kwa karibu 69 kwa kila 100.

KAZI YA WATU WA NYUMBANI

Mama, nawe una sehemu yako. Ukijua kwamba baba wa watoto ameshika njia, usimpigie telefone kila dakika kumi kumwuliza amefika wapi. Mngoje afike, ndipo akuambie. Na akikuita huku unasikia mlio wa moto nyuma ya sauti yake, mwambie tu: «Simama kwanza,» kisha ukate. Si ukali, ni upendo.

Abiria naye si mzigo wa viazi. Ukiona motari anatazama telefone, mguse begani, sema kwa heshima: «Kaka, weka telefone, nina watoto.» Akikataa, shuka. Franga uliyomlipa ni ndogo kuliko mguu. Wala usiwe wewe mwenyewe wa kumwonyesha picha.

Watoto wafundishwe kusimama kando, kutazama pande zote mbili mara mbili, na kutovuka kati ya magari yaliyosimama. Wasikimbilie mpira barabarani. Na watoto wanatufuata kwa yale wanayoyaona, si kwa yale tunayoyasema.

AJALI IKITOKEA

Pamoja na bidii yote, ajali zitakuwapo. Fanyeni hivi:

Kwanza, mmoja aende nyuma na mwingine mbele kuzuia magari, ili ajali moja isizae ya pili.

Msimburute majeruhi, msimkalishe, msimkunje juu ya moto katikati ya watu wawili kama mfuko. Uti wa mgongo uliovunjika unaweza kukatika kabisa njiani. Mlazeni juu ya ubao au mlango, watu wanne wamwinue kwa pamoja.

Damu ikitoka sana, bonyezeni kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia. Msiweke mafuta ya gari, udongo wala majani.

Kama amevaa kaske na anapumua vizuri, mwacheni nayo mpaka afike kwa mganga. Msimpe maji wala chakula. Huenda atahitaji kupasuliwa.

Aliyegonga kichwa akasimama na kusema «sina kitu», mumwangalie siku nzima na usiku wake. Akitapika mara kwa mara, akilala usingizi mzito asioamka vizuri, akichanganya maneno, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, maji au damu ikitoka sikioni au puani, mleteni upesi hata usiku wa manane. Damu inaweza kujaa ndani ya fuvu polepole.

Na neno la mwisho hapa: msimpige aliyegonga, msichome chombo chake. Mwacheni mikononi mwa polisi wa barabara. Wakati watu ishirini wanampiga mmoja, yule aliyelala chini hana wa kumbonyezea kidonda.

SWALI LA KWENDA NALO NYUMBANI

Shirika la Afya Ulimwenguni limehesabu kwamba mwaka 2021 barabara ziliua watu karibu milioni 1 na laki 2 duniani kote, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kitu kinachoua kuliko barabara. Nadhani wengi waliohusika na vifo hivyo, kama wangeulizwa siku moja kabla, wangesema kwamba mashofere wabaya ni wengine.

Yule mwenzetu mwenye fimbo anakaa karibu na lango. Jioni, watu wa zamu wanapotoka na kupanda moto, anawasimamisha mmoja mmoja. Hasemi maneno mengi. Anamwuliza motari: «Telefone yako iko wapi?» Halafu anamwuliza abiria: «Na yako?» Wengine wanamcheka. Wengi wanaitia mfukoni.

Kesho, kabla ya kuwasha gari au kupanda moto, jiulize wewe mwenyewe kabla hajakuuliza yeye.

Infirmie wa kazi